UZI: Bila kirungu cha Sherifu Clark pale Selma, sheria ya kura ya 1965 ingepita?

#1 Kalamu Butu
Wakuu, salaam. Kila ikifika Machi picha za daraja la Edmund Pettus la Selma, Marekani, zinasambaa, na maelezo ni yale yale: Martin Luther King akaandamana, Rais Johnson akasaini, Weusi wakapiga kura. Mimi nasema aliyeipitisha ile sheria ni Jim Clark, sherifu wa Kaunti ya Dallas, Alabama, ambako ndiko Selma iliko. Nivunjeni kwa hoja, siyo kwa matusi.

Anzeni na Albany, Georgia. Hadi katikati ya Desemba 1961 waandamanaji wa kupinga ubaguzi zaidi ya 700 walikuwa wameshakamatwa. Mkuu wa polisi, Laurie Pritchett, aliwakataza askari wake kupiga mtu hadharani, na mapema kabisa akaongea na magereza ya kaunti za jirani. Mbinu ya kujaza jela inategemea jela ijae. Ya Pritchett haikujaa, maana mahabusu walitawanywa. Walioishiwa ni waandamanaji: watu na pesa za dhamana. Agosti 1962 King aliondoka mikono mitupu.

Clark alikuwa kinyume chake. Kifuani beji imeandikwa "Kamwe". Januari 19, 1965 alimshika Amelia Boynton, mwanaharakati wa Selma, ukosi wa koti na kumsukuma barabarani, picha ikatoka gazetini. Februari 10 watu wake waliwaswaga wanafunzi mwendo wa mbio nje ya mji kwa fimbo za umeme za ng'ombe. Februari 16 akamtandika ngumi C. T. Vivian, mchungaji wa kundi la King, kwenye ngazi za mahakama, kamera zikiwa zinazunguka. Sasa niambieni nani alifanya kazi kubwa zaidi.

#2 Mchuuzi wa Hoja
Chai imekolea tangawizi hii. Nakaa pembeni nasoma.

#3 Bibi Daftari
Umeanzia mwisho wa safari, Kalamu. Kirungu kinahitaji mtu wa kupigwa aliyesimama kwa hiari yake kwenye foleni ya kujisajili kupiga kura. Foleni hiyo nani aliipanga?

Selma ilikuwa na chama cha wapiga kura cha Kaunti ya Dallas miaka mingi kabla ya King. Ofisi ya bima ya akina Boynton ndiyo ilikuwa kituo: watu walikwenda pale kufundishwa kujaza fomu. Mwanzoni mwa 1963 Bernard na Colia Lafayette wakaletwa na SNCC, ile kamati ya wanafunzi. Oktoba 7, 1963 ikafanyika Siku ya Uhuru: watu zaidi ya 300 walipanga mstari nje ya mahakama kutwa nzima juani. Hawakuruhusiwa kutoka kwenda kunywa maji, maana ukitoka umepoteza nafasi yako. Vijana wa SNCC walipojaribu kuwapelekea chakula walipigwa na kukamatwa. Watu wa FBI na wa Wizara ya Sheria walikuwa ng'ambo ya barabara wanaangalia. Clark alikuwepo, kirungu kilikuwepo, waandishi walikuwepo. Sheria haikuja. Kwa hiyo kirungu peke yake hakitoshi.

Kisha Julai 1964 Jaji James Hare akatoa zuio: watu watatu au zaidi wa vyama vya harakati wasikutane. Mikutano ikasimama karibu miezi sita. King aliitwa na wenyeji, wale wanane wa kamati ya chama, aje kulivunja zuio lile. Mkutano wa Januari 2, 1965 kanisani Brown Chapel ndio ulilivunja.

#4 Pwani Kavu
Tuwekeeni basi usajili wenyewe ulivyokuwa. Wengi humu wanadhani ni kama kujiandikisha kwetu, unaweka kidole unaondoka.

#5 Karani Mstaafu
Nakujibu #4, hatua kwa hatua, kwa Kaunti ya Dallas kabla mahakama haijaingilia.

Kwanza siku. Ofisi ilifunguliwa Jumatatu ya kwanza na ya tatu ya mwezi, basi. Mfanyakazi wa mashambani au wa jikoni kwa mzungu anaomba ruhusa vipi Jumatatu asubuhi bila kusema anakwenda wapi? Akisema, kazi hana.

Pili foleni. Wasajili wanaingia wakichelewa, wanakwenda chakula cha mchana kirefu, wanafunga mapema. Ukiwa mtu wa arobaini mstarini, rudi baada ya wiki mbili.

Tatu fomu, kurasa nne. Kazi, mwajiri, anwani za zamani. Swali la mwajiri halikuwa la bahati mbaya. Ukikosea kidogo tu, fomu ni batili. Ya mzungu msajili alisaidia kuirekebisha, na hilo Wizara ya Sheria ililithibitisha mahakamani kwa kulinganisha fomu za pande zote mbili.

Nne mdhamini: mpiga kura aliyekwisha sajiliwa aseme anakujua. Baadhi ya kaunti ziliweka kikomo cha watu ambao mpiga kura mmoja anaweza kuwadhamini kwa mwaka. Kaunti ya Lowndes, jirani na Selma, ilikuwa na Weusi wapatao asilimia 80 na mwanzoni mwa 1965 haikuwa na hata mpiga kura Mweusi mmoja. Nani amdhamini nani?

Tano mtihani wa kusoma, kuandika na kuelewa katiba. Mwaka 1964 Alabama iliubadilisha, ikaweka matoleo mengi tofauti ili shule za uraia zisiweze kuwakaririsha watu majibu.

Sita unakwenda nyumbani kusubiri barua. Mtihani hauonyeshwi ulikosea wapi.

#6 Kijana wa Lango
Ule mtihani nimeuona, ule wa "chora mstari kuzunguka herufi", maswali 30 kwa dakika 10, ukikosa moja umefeli. Alabama walikuwa wakatili.

#7 Karani Mstaafu
Huo ni wa Louisiana, 1964. Mtandaoni unabandikwa kila jimbo. Wa Alabama ulikuwa na sehemu ya katiba ya kusoma au kuandika kwa imla, na maswali ya serikali. Mississippi ni kitu kingine tena: fomu yenye maswali 21, ambapo karani anakuchagulia kifungu kimoja kati ya 285 vya katiba ya jimbo, unakinakili, halafu unakifafanua. Fannie Lou Hamer alipokwenda Indianola Agosti 31, 1962 alipewa kifungu cha sheria za kurudi nyuma, zile za kumwadhibu mtu kwa kosa alilotenda kabla sheria haijatungwa. Mtu wa mashamba ya pamba, aulizwe kama mwanasheria! Alifeli, na jioni ile ile akafukuzwa kwenye shamba alikoishi miaka 18. Na tangu 1962 majina ya walioomba yalichapishwa gazetini wiki mbili, mwajiri na mwenye nyumba wasome.

#8 Ngalawa
Na kodi ya kichwa msiisahau. Alabama ilikuwa dola 1.50 kwa mwaka, na malimbikizo yakifika dola 36. Mkulima wa nusu kwa nusu, anayegawana mavuno na mwenye shamba, ataitoa wapi?

Wenzetu wakisikia kodi ya kichwa wanafikiria ya mkoloni, askari anakukimbiza ulipe. Ya kule ilikuwa ya ajabu: hakuna anayekukimbiza. Usipolipa hawakudai, ila siku ya kura huna kura.

#9 Karani Mstaafu
Ngalawa, dola 36 ni ya zamani. Mwaka 1953 Alabama ilipunguza malimbikizo hadi miaka miwili, yaani dola 3. Mengine uko sahihi. Rekebisho la 24 la katiba, Januari 1964, liliifuta kodi hiyo kwa uchaguzi wa taifa tu. Uchaguzi wa gavana, sherifu na hakimu uliendelea kudai risiti mpaka hukumu za mahakama za 1966, ikiwemo ya Mahakama Kuu katika kesi ya Harper ya Virginia. Na sherifu ndiye aliyekuwa anawapiga, kwa hiyo kura ya sherifu ndiyo iliyokuwa na maana mtaani.

#10 Ngalawa
Nimenyooshwa. Asante mzee.

#11 Wakili wa Kibaraza
Hoja ya Kalamu na ya Bibi zote zinaruka mahakama. John Doar na wenzake wa Wizara ya Sheria walifungua kesi dhidi ya wasajili wa Dallas Aprili 1961. Wakati huo Weusi waliosajiliwa walikuwa 156 kati ya watu wazima kama 15,000. Miaka minne ya kesi, rufaa na amri ikawafikisha 383.

Soma tarakimu hiyo vizuri. Watu huiona kama kushindwa kwa mahakama. Mimi naiona kama ushahidi. Waziri wa Sheria Katzenbach alipokwenda Kongresi hakwenda na picha za daraja, alikwenda na hesabu kwamba kesi moja moja kwa kila kaunti haifanyi kazi: ukishinda, wasajili wanajiuzulu na ofisi inakosa mtu wa kushtakiwa, au jimbo linabadilisha mtihani. Ndiyo maana sheria ya 1965 haikusema tena "usibague". Ilisema hivi: mahali palipokuwa na mtihani Novemba 1, 1964, na waliosajiliwa au waliopiga kura mwaka huo hawakufika nusu ya watu wazima, mtihani unasimamishwa hapo hapo, wakaguzi wa taifa wanaweza kutumwa kusajili, na kanuni yoyote mpya ya uchaguzi inapelekwa kwanza Washington kukaguliwa. Utundu wa kanuni hiyo hautoki barabarani, unatoka kwenye mafaili.

#12 Kijana wa Lango
Mbona nimesoma 335, siyo 383? King aliandika akiwa jela Februari 1965 kwamba Weusi waliofungwa naye ni wengi kuliko walio kwenye daftari la kura.

#13 Wakili wa Kibaraza
Inategemea umehesabu lini. 335 ni ya mwanzo wa kampeni, 383 ndiyo iliyotajwa na Mahakama Kuu kwenye kesi ya South Carolina dhidi ya Katzenbach, 1966. Kauli ya King inasimama kwa zote mbili.

#14 Kalamu Butu
Wakili, mafaili yalikuwepo tangu 1961. Mbona hayakutembea yenyewe? Machi 7, waandamanaji kama 600 pale darajani. Meja Cloud wa polisi wa jimbo anawapa dakika mbili watawanyike, baada ya kama dakika moja polisi wa jimbo wanawavamia. Mabomu ya machozi, farasi, virungu. Zaidi ya 50 walitibiwa. Ile filamu haikurushwa moja kwa moja, ilibidi isafirishwe kwa ndege hadi New York, na usiku ABC ikakatiza filamu ya kesi za Wanazi wa Nuremberg kuionyesha. Watazamaji milioni 48. Machi 15 Johnson yuko mbele ya Kongresi. Siku nane!

#15 Bibi Daftari
Na mji wa Marion je? Februari 18, 1965, usiku, kilomita kama 45 kutoka Selma. Taa za barabarani zilizimwa, lenzi za kamera zikapuliziwa rangi, mwandishi wa NBC Richard Valeriani akapigwa kichwani kwa mpini wa shoka. Jimmie Lee Jackson akapigwa risasi na polisi wa jimbo ndani ya mgahawa, akafa Februari 26. Picha hakuna. Lakini wazo la kutembea hadi Montgomery lilitoka kwenye msiba ule, James Bevel wa kundi la King ndiye aliyelitoa. Daraja lenyewe lisingekuwepo kwenye simulizi bila usiku usio na picha.

Halafu funzo la vitendo: baada ya Marion kila mtu alielewa maandamano ya usiku ni kifo. Kamera haioni, wanahabari wanapigwa kwanza, huwezi kumtambua mpigaji.

#16 Kobe Mwendopole
Hoja yangu ni tofauti na zenu: walimu. Januari 22, 1965, walimu 105 Weusi wa Selma walitembea hadi mahakamani, wakiongozwa na Frederick Reese, mwalimu mwenzao. Walibeba miswaki mifukoni kuonyesha wako tayari kulala ndani. Mwalimu Mweusi mwajiri wake ni bodi ya shule ya wazungu, yaani ndiye mwenye mengi ya kupoteza kuliko mkulima. Clark aliwasukuma kutoka kwenye ngazi mara kadhaa lakini hakuwakamata, maana ukiwafunga walimu wote, Jumatatu watoto wako mtaani. Baada ya hapo wasusi, wazishi wa maiti, kila fani ikaandamana kivyake. Waliokuwa wakisema "mambo haya ni ya wahuni" walinyamaza.

#17 Mchuuzi wa Hoja
Miswaki! Hapo Kobe umeua. John Lewis, kiongozi wa SNCC, naye kwenye daraja alikuwa na begi mgongoni: vitabu viwili, tofaa, chungwa, mswaki na dawa ya meno. Harakati za watu wenye meno safi.

#18 Simba Mla Majani
Mnaimba kutotumia nguvu kama vile bunduki hazikuwepo. Hartman Turnbow, Mileston, Mississippi: alikwenda kujisajili Aprili 1963, mwezi uliofuata nyumba yake ikachomwa kwa petroli, akatoka na bunduki akajibu. Sherifu akamkamata yeye, eti kachoma nyumba yake mwenyewe. Vijana wa SNCC walilala kwenye nyumba zilizolindwa hivyo. Bila bunduki za wakulima, wasajili wa kujitolea wasingeishi mwaka mmoja vijijini.

#19 Bibi Daftari
Kweli, lakini tofautisha nyumba na mstari. Usiku, nyumbani, ni haki ya mwenye nyumba. Mchana, mstarini, hairuhusiwi hata kisu. Baada ya Machi 7 wako waliotaka kurudi na bunduki, na Andrew Young, msaidizi wa King, hakuwahubiria. Aliwauliza una bunduki ya aina gani, itafanya nini mbele ya zile za polisi wa jimbo. Hesabu tu.

Na nidhamu ilifundishwa kwa mazoezi: mmoja anakuwa polisi, anakutukana, anakumwagia kitu, anakuvuta. Ukianguka unajikunja, magoti tumboni, mikono juu ya kichwa na shingo. Mwenzako akipigwa, unamlalia ili vipigo vigawanyike. Mtembee wawili wawili pembeni ya barabara, ili wasipate kisingizio cha kuziba njia. Anayeshindwa kuvumilia kwenye mazoezi hapelekwi mstarini, anapewa kazi ya simu, gari au jikoni.

#20 Ngalawa
Hiyo ya jikoni ndiyo nataka. Maandamano ya mwisho, Selma hadi Montgomery, Machi 21 hadi 25, maili 54, kama kilomita 87. Watu wanakula nini?

#21 Karani Mstaafu
Chakula kilipikwa Selma, jikoni kwa kanisa la Green Street, kikapelekwa kwa gari: tambi, maharage na nyama ya nguruwe, kikiwa ndani ya mapipa mapya ya taka ya bati. Mapipa hayo yalichaguliwa kwa sababu yanabeba kingi na yana mifuniko. Shida ni kwamba yakifika kambini chakula kimepoa.

Idadi iliwekwa na mahakama. Jaji Frank Johnson, Machi 17, aliruhusu maandamano kwa hoja kwamba ukubwa wa haki ya kuandamana ulingane na ukubwa wa dhuluma, lakini sehemu ya barabara namba 80 yenye njia mbili tu, ndani ya Lowndes, wasizidi 300. Siku ya kwanza walianza zaidi ya 3,000 na kutembea maili 7, kisha wengi wakarudishwa Selma, 300 wakabaki. Waliotoa mashamba kwa kambi tatu za kwanza ni wakulima Weusi: David Hall, Rosie Steele na Robert Gardner. Shamba la Gardner lilikuwa tope tupu kwa mvua, ikabidi majani makavu yamwagwe ndani ya mahema. Hakuna mwenye ardhi mzungu aliyetoa hata pembe ya shamba. Mkulima mwenye hati yake ndiye aliyewezesha. Mpangaji angefukuzwa, kama wengi walivyofukuzwa Lowndes baadaye na kuishi kwenye mahema. Kambi ya nne ilikuwa St. Jude, kwa Wakatoliki, nje kidogo ya Montgomery. Siku ya mwisho walifika 25,000. Usiku ule Viola Liuzzo, mama mzungu aliyejitolea, akauawa barabarani akiendesha gari kuwarudisha watu.

#22 Pwani Kavu
Uhusiano na kwetu upo au tunalazimisha?

#23 Mwana wa Same
Upo, na si wa kulazimisha. Desemba 1963 Oginga Odinga alikuwa Atlanta, vijana wa SNCC wakaenda kumsalimia hotelini. Wakatoka pale wakaingia mgahawa wa jirani uliobagua, wakakamatwa, na wimbo wenye jina lake ukatungwa. Kauli ya "mtu mmoja, kura moja" John Lewis aliitaja Washington Agosti 1963 kuwa ni kilio cha Afrika na ni chao pia. Mwaka 1964 Lewis na Donald Harris walikutana na Malcolm X Nairobi. Na Bob Moses, aliyeanzisha usajili McComb, Mississippi mwaka 1961, baadaye alifundisha hisabati Same, Kilimanjaro, hadi 1976.

Kwa hiyo naongeza maelezo mengine: aibu ya kimataifa. Washington haikuweza kuhubiri demokrasia kwa nchi zilizopata uhuru juzi huku Lowndes ina sifuri.

#24 Wakili wa Kibaraza
Ya aibu ilisukuma zaidi mambo ya hoteli na shule. Kwa kura tazama hesabu ya Kongresi: uchaguzi wa Novemba 1964 uliwapa Wademokrati viti 295 na maseneta 68. Katzenbach alikuwa ameshampelekea Johnson mapendekezo Desemba 28, 1964, kabla Clark hajamgusa mtu mwaka 1965. Seneti ikapitisha 77 kwa 19. Labda sheria ingekuja tu, ila taratibu, na pengine kwa njia ya rekebisho la katiba, yaani miaka.

#25 Kalamu Butu
"Taratibu, yaani miaka." Umenipa ushindi mwenyewe! Januari 15, 1965 Johnson alimwambia King kwa simu atafute mahali pabaya kuliko pote, apaweke redioni na kwenye televisheni. Rais mwenyewe alijua anahitaji Clark.

#26 Bibi Daftari
Alihitaji mahali. King alikuwa Selma tayari tangu Januari 2. Huwezi kumpa mtu ramani ya njia aliyokwisha ianza.

#27 Kijana wa Lango
Clark aliishia wapi?

#28 Karani Mstaafu
Sheria ilisainiwa Agosti 6, 1965. Dallas na Lowndes zilikuwa kati ya kaunti tisa za kwanza kupelekewa wakaguzi. Uchaguzi wa mchujo wa Mei 3, 1966, Clark alipambana na Wilson Baker, aliyekuwa mkuu wa usalama wa mji, mtu wa mtindo wa Pritchett. Kamati ya chama cha Wademokrati ya kaunti, upande wa Clark, ilitaka masanduku sita ya kura za mitaa ya Weusi yatupwe, ikidai kasoro za utaratibu. Wizara ya Sheria ikaenda kwa Jaji Daniel Thomas, yule yule aliyekuwa akiburuza kesi za usajili miaka yote ile, naye akaamuru yahesabiwe. Baker akapita.

#29 Kalamu Butu
Masanduku sita. Kwa hiyo hata kura za kumtoa Clark ziliokolewa na jaji, Wakili atanicheka wiki nzima. Bado sijahama kwenye hoja yangu.

#30 Simba Mla Majani
Na hakuna aliyejibu ya Turnbow vizuri. Narudi kesho na Deacons wa Jonesboro, Louisiana, wale walinzi Weusi wenye bunduki, jiandaeni.